Niache kazi, nimpeleke mtoto kwa bibi yake, au niombe kituo cha watoto kazini?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa kiume wa miezi minane. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha dawa, upande wa kuhesabu na kufunga paketi. Kazi ni ya zamu: wiki moja naingia saa 12 asubuhi, wiki nyingine natoka saa 4 usiku. Likizo ya uzazi ilikwisha mtoto akiwa na miezi mitatu. Tulipata dada wa kazi aliyempenda sana, lakini mwezi uliopita aliitwa kwao kwa matatizo ya kifamilia na hakurudi. Tangu hapo mwanangu anashinda kwa jirani, nami namlipa kwa siku.

Wiki iliyopita mashine iliharibika, tukaruhusiwa mapema. Nilipitia kwa jirani bila kumpigia simu. Nilimkuta mwanangu mkekani sebuleni, nepi imelowa mpaka shati limeshika unyevu, na chupa ya maziwa niliyoiacha alfajiri imejaa vilevile. Aliyekuwa naye ni binti wa jirani wa miaka tisa, anamtikisia funguo ili anyamaze. Nilipomuuliza mama yuko wapi, akasema ametoka mara moja. Sikugombana na mtu. Nilimbeba mtoto nikaondoka, na usiku ule sikulala.

Kazini simu zetu zinafungiwa kabatini mpaka mapumziko, kwa hiyo siwezi hata kuuliza kama amekula. Maziwa yakijaa naenda kuyakamua chooni na kuyamwaga, maana hakuna pa kuyahifadhi. Mwenzangu mmoja, naye mama wa mtoto mdogo, ameshapewa barua ya onyo kwa kuchelewa mara tatu. Nilijipa moyo nikamwendea meneja, nikamuuliza kama kiwanda kinaweza kututafutia hata chumba kimoja na mlezi. Alinijibu kwamba hapa ni kiwanda, si chekechea, na kwamba kuzaa ni uamuzi wangu binafsi. Msimamizi wangu, ambaye ana huruma, alinivuta pembeni akanishauri niandike barua ya kuacha kazi kwa heshima kabla maonyo hayajaanza kunifikia na mimi.

Mama mkwe anataka tumpelekee mtoto akae naye. Ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Mume wangu ni mhasibu kwenye ofisi nyingine. Anasema nitakaloamua ataniunga mkono.

Niambie ukweli, Shangazi. Kuomba mwajiri asaidie malezi ya watoto ni haki, au nimedeka? Na nifanye nini, maana kila asubuhi naondoka nyumbani moyo ukiwa juu?

Mama wa Mvulana

* * *

Marahaba mwanangu,

Hujadeka hata kidogo. Ulichoomba ni jambo la kazi, na nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tumtazame mtoto, kwa sababu mazungumzo na kiwanda yatachukua miezi na yeye anahitaji mlezi kesho asubuhi.

Usimrudishe kwa jirani yule. Simsemi kuwa ni mtu mbaya. Pengine naye anahangaika na maisha. Lakini mtoto wa miaka tisa hawezi kumlea mtoto wa miezi minane. Katika umri huo mtoto anaanza kutambaa, kila anachookota anakitia mdomoni, na akipaliwa zinahesabika dakika chache tu. Binti yule mwenyewe ni mtoto, naye ana haki ya kuwa shuleni au kucheza. Ombeni siku za likizo yenu ya mwaka, wewe na mumeo kwa kupokezana, mpate muda wa kutafuta mahali pa maana. Nimesema wewe na mumeo, na nitalirudia.

Mnapotafuta, ingieni ndani, msiishie mlangoni. Ulizeni mlezi mmoja anaangalia watoto wangapi. Kwa wachanga jambo hili lina uzito kuliko rangi za ukutani na midoli: sheria ya England, kwa mfano, inataka mlezi mmoja asizidishe watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Tazameni watoto wanalala wapi na kama wachanga wanalazwa chali. Ulizeni mtoto akipata homa wanafanya nini na wanampigia nani. Kisha mpite siku nyingine bila taarifa, kama ulivyofanya safari hii. Mahali panapokukataza kupita bila taarifa, hapo mtoto wako hapakai.

Kuhusu maziwa: usiyamwage. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka afikishe miaka miwili au zaidi, kwa hiyo mwanao bado anayahitaji. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono safi na kuwekwa kwenye chombo safi chenye mfuniko hukaa salama kwa muda usiozidi saa nne kwenye joto la kawaida la chumba, na mpaka siku nne ndani ya friji. Kwenye joto kali usiyaache nje muda wote huo. Beba mfuko unaotunza baridi wenye vipande vya barafu. Na choo si mahali pa kuandalia chakula cha mtu yeyote. Kwa hiyo ombi lako la kwanza kabisa kwa kiwanda liwe chumba kidogo safi chenye mlango unaofungwa, kiti, maji ya kunawa na friji. Hilo halihitaji bajeti ya mwaka mpya wala mkutano wa bodi.

Sasa tuje kwenye jibu la meneja. Kasema kuzaa ni uamuzi wako binafsi. Mbona kiwanda chake kinaendeshwa na watu ambao kila mmoja alizaliwa na kulelewa na mtu aliyekuwa na kazi nyingine za kufanya? Mwajiri hajengi choo kwa sababu anawaonea wafanyakazi huruma. Anajenga kwa sababu binadamu hawezi kukaa kazini saa nane bila choo. Mzazi wa mtoto mchanga naye hawezi kufunga paketi za dawa kwa umakini huku hajui mwanawe yuko na nani. Na kazi yako ni kuhesabu dawa! Akili ikihama kidogo, kosa linasafiri mpaka kwa mgonjwa.

Wala hili si jambo geni duniani. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 156 mwaka 1981, unaohusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia. Mkataba huo unawahusu wanaume na wanawake. Unazitaka nchi zikuze huduma za malezi ya watoto, na unasema wazi kwamba majukumu ya familia peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mwaka 2000 ukaja Mkataba namba 183 kuhusu ulinzi wa uzazi: likizo isiyopungua wiki 14, na baada ya hapo mapumziko ya kunyonyesha kila siku, au kupunguziwa saa, muda ambao unahesabiwa kuwa ni wa kazi na unalipwa. Mikataba hii inaifunga nchi iliyoiridhia, kwa hiyo hatua yako ni kwenda ofisi ya kazi ya serikali, au kwa katibu wa chama cha wafanyakazi, ukaulize nchi yako imeridhia upi na sheria ya kazi inasema nini juu ya mapumziko ya kunyonyesha. Waajiri wengi hawatoi mapumziko hayo mpaka mtu ayataje kwa kifungu.

Na hilo la "hapa ni kiwanda" linanifanya nitake kumsimulia meneja wako habari za mwaka 1943. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, karakana za meli za kampuni ya Kaiser huko Portland, Marekani, ziliajiri wanawake wengi, na watoto wao hawakuwa na pa kubaki. Kampuni ilijenga vituo vya watoto kwenye malango ya karakana zenyewe. Vilifuata zamu za kazi, vilikuwa na wauguzi, na mzazi aliyetoka kazini aliweza kumchukua mtoto pamoja na chakula kilichokwisha kupikwa cha kwenda nacho nyumbani. Ilikuwa karakana ya kuunganisha vyuma, kukiwa na vita, na iliwezekana. Vita vilipokwisha mwaka 1945 vituo vikafungwa. Vilifungwa kwa sababu wanawake wale hawakuhitajika tena karakanani. Watoto walikuwa bado ni wadogo vilevile. Ndiyo sababu nasema jambo hili lisiachwe lisimame juu ya hisani au shida ya mwajiri ya msimu mmoja. Liandikwe kwenye mkataba.

Nchi nyingine zimeliandika kwenye sheria. India, tangu marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi awe na kituo cha watoto, na mama aruhusiwe kwenda kumwona mtoto mara nne kwa siku, muda wa mapumziko ya kawaida ukiwemo. Chile inamdai mwajiri mwenye wanawake 20 au zaidi kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka miwili, lakini inampa njia tatu: ajenge kituo chake, ashirikiane na waajiri wa eneo lile lile, au alipie moja kwa moja kituo cha nje. Zishike njia hizo tatu, utazihitaji.

Ila tazama tofauti ya nchi hizo mbili, maana hapo ndipo penye nilichotaka hasa kukuambia. India inahesabu wafanyakazi wote. Chile inahesabu wanawake peke yao. Watafiti waliochunguza sheria ya Chile waligundua kwamba gharama iliwarudia wanawake wenyewe: kwenye kampuni zilizofikisha idadi hiyo, mishahara yao ya kuanzia ilikuwa chini kuliko ambavyo ingekuwa. Mwajiri akishaona kwamba mtoto ni mzigo unaoletwa na mwanamke, anaupiga hesabu mzigo huo kwenye mshahara wa mwanamke, au anaajiri mwanamume.

Kwa hiyo mwanangu, usiende tena kwa meneja peke yako, na msiende kina mama peke yenu. Kwenye mstari wenu wa kazi wamo kina baba wenye watoto wachanga. Kuna fundi wa mashine ambaye mkewe anafanya kazi hospitali zamu za usiku. Kuna dereva wa ghala aliyefiwa na mke, au anayelea peke yake kwa sababu nyingine. Hao hawajawahi kuulizwa watoto wao wako na nani, nao wamezoea kunyamaza. Watafute.

Na hapa namgeukia mumeo. Anasema utakaloamua atakuunga mkono. Ni maneno mazuri, lakini yanakuachia uamuzi mzima wewe na yeye anabaki mshangiliaji. Mtoto ana wazazi wawili walioajiriwa. Barua yako yote inauliza kama wewe uache kazi. Hakuna mahali ambapo yeye ameuliza ofisini kwake kama anaweza kuingia saa moja baadaye kwenye wiki zako za alfajiri. Mhasibu ana nafasi kubwa ya kupangiwa saa kuliko mtu wa zamu. Kaeni leo usiku na kalamu, muandike wiki nzima: nani anampeleka, nani anamchukua, mtoto akiumwa nani anaomba ruhusa safari hii na nani safari ijayo. Aombe saa hizo kwa maandishi. Hata kwake, kwenye ofisi yake, kituo cha watoto ni ombi halali.

Kabla ya kurudi kwa meneja, kusanyeni takwimu zenu. Karatasi moja isiyo na majina inatosha: una watoto wangapi walio chini ya miaka sita, unafanya zamu ipi, mtoto anashinda na nani, na mwezi uliopita ulikosa au ulichelewa mara ngapi kwa sababu ya mtoto. Ipitisheni idara zote, na vibarua msiwaruke. Mara nyingi wenye mikataba ya muda mfupi ndio wenye watoto wadogo na ndio wanaosahauliwa kituo kikifunguliwa. Mkishapata majibu, mwombeni mtu wa ofisi ya rasilimali watu awaeleze kumfundisha mfanyakazi mpya wa mstari wenu huchukua muda gani na hugharimu nini, na ni wangapi walioacha kazi ndani ya mwaka mmoja baada ya likizo ya uzazi. Meneja aliyekukatalia wewe ulipokwenda na machozi atalazimika kusoma karatasi yenye hesabu za kiwanda chake mwenyewe.

Ombi liwe la kitu kinachoshikika. Chumba cha kunyonyesha na kukamulia, mwezi huu. Mapumziko ya kunyonyesha yaingie kwenye ratiba ya zamu na mtu wa kumshikia mzazi nafasi yake, maana mstari wa mashine hausimami, na haki isiyo na wa kukushikia nafasi hutaitumia. Simu moja ya mezani kwa msimamizi ambayo mlezi anaweza kuipiga wakati wowote. Halafu kituo chenyewe, kwa njia yoyote kati ya zile tatu.

Kwenye njia hizo nakuomba uwe mwangalifu. Kiwanda cha dawa kina vumbi la kemikali na magari ya kupakia mizigo. Sitapenda kusikia watoto wamewekewa chumba nyuma ya ghala. Kituo kiwe nje ya uzio au upande wenye lango lake, mbali na mashine. Kama viwanda jirani navyo vina wazazi, kuchangia kituo kimoja karibu na hapo ni nafuu kwa wote, na kitadumu hata kampuni moja ikiyumba. Kifunguliwe kabla ya zamu ya saa 12 na kifungwe baada ya zamu ya saa 4 usiku. Kituo kinachofuata saa za ofisi kitawafaa mabosi tu. Walezi waajiriwe kwa kazi hiyo, wafundishwe na walipwe vizuri. Msikubali mtu wa usafi aongezewe watoto juu ya fagio lake. Mchango wa mzazi upangwe kwa kadiri ya mshahara. Tena kituo kisigeuzwe sababu ya kuwabakisha kazini usiku kwa kuwa "mtoto si yupo hapa hapa". Mtoto naye ana saa zake za kuchoka na watu.

Wapo ambao kituo cha kazini hakitawafaa. Kumwamsha mtoto alfajiri na kumbana ndani ya basi lililojaa, kwenda na kurudi, si malezi bora. Kama unakaa mbali, pengine mwajiri kulipia sehemu ya ada ya kituo kilicho karibu na nyumbani ndiyo njia bora kwako, na mwenzako anayekaa jirani na kiwanda akatumia kituo cha hapo. Acheni nafasi ya yote mawili kwenye ombi lenu.

Sasa mama mkwe. Mshukuru kwa dhati, maana anatoa anachoweza. Lakini kumpeleka mtoto wa miezi minane mwendo wa siku nzima ni kumwachisha kunyonya kwa lazima na kumtenga na nyinyi wawili kwa wakati mmoja. Mwombe yeye aje kwenu kwa wiki chache, kama afya yake na shughuli zake zinaruhusu, wakati mnatafuta mlezi. Mume wako ndiye amwombe. Ni mama yake. Akiwa hawezi kuja, msimlaumu, na wala usijilaumu kwa kukataa kumpeleka mtoto.

Barua ya kuacha kazi usiiandike. Msimamizi wako ana nia njema, ila ushauri wake unakiondolea kiwanda tatizo na kukuachia wewe. Ukiondoka utapoteza kipato, uzoefu, na pengine mafao yako, na mwezi ujao ushauri huo huo atapewa mwenzako. Yule aliyepewa onyo ajibu kwa maandishi, aeleze sababu ya kuchelewa na aombe kupangiwa zamu inayowezekana, na nakala aipeleke chama cha wafanyakazi. Onyo lisilojibiwa hubaki kwenye faili kama kosa lililokubaliwa.

Meneja akikataa mara ya pili, ombeni akatae kwa maandishi, kisha mpeleke ombi lile lile ngazi ya juu yake na kwa chama. Na kwenye barua hiyo, watakaotia sahihi wa kwanza wawe ni wale kina baba.

Shangazi